MCHEZA KWAO HUTUNZWA. JE, MTUNZAJI NI NANI?

Methali yetu ya kale yasema: mcheza kwao hutunzwa. Kila Mzanzibari aliyewahi kukaa katika usiku wa taarab anaifahamu maana yake ya kwanza. Mwimbaji anapougusa moyo wa msikilizaji, msikilizaji huyo huinuka, huenda jukwaani kwa madaha, akamtunza noti mbele ya kadamnasi, kisha akarejea kitini kwake ameridhika. Lakini neno kutunza, katika lugha yetu tukufu, lina maana mbili. Kutunza ni kumpa mtu tuzo kwa kazi aliyoifanya. Na kutunza ni kukilinda kitu kisiharibike. La kwanza humalizika kwa dakika moja. La pili humchukua mtu umri wake wote. Leo tunataka kuwauliza wananchi wenzetu, na viongozi wetu katika Serikali na Chama, swali moja: sisi wa visiwa hivi tu watunzaji wa namna gani?

Swali hili halikuja bure. Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka wakati jumba hilo likiwa katika matengenezo makubwa, na watu wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Jumba lile lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Lilistahimili mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti, 1896, katika vita ambavyo havikufika hata saa moja. Lilikuwa ofisi za wakoloni. Baada ya Mapinduzi likawa chuo cha itikadi cha Chama cha Afro-Shirazi. Na hatimaye likawa makumbusho ya historia na utamaduni, ambamo watoto wa skuli walikwenda kuangalia mfano wa mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari hata mmoja. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka, na milango ikafungwa kwa watazamaji. Tangu onyo hilo hadi siku ya msiba ilipita miaka minane. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tumeyaona maneno hayo kwa macho yetu, pale Forodhani, mbele ya bahari.

Hatusemi hayo ili kumtafuta mchawi. Kulihifadhi jumba la umri ule, katika hewa ya chumvi, si kazi nyepesi, na gharama yake si ndogo. Tunachotaka kukisema ni hiki: jumba linapoanguka mji mzima husikia, magazeti huandika, na wageni hutuma salamu za pole. Lakini yapo mambo mengine ya urithi wetu ambayo yanaanguka kila siku bila ya kishindo chochote. Fundi wa kanuni anafariki bila ya kuacha mwanafunzi. Kanda ya wimbo inaota ukungu kabatini. Klabu inafunga chumba chake cha mazoezi kwa sababu ya paa linalovuja. Hayo hayana mnara wa saa, na kwa hiyo hayaonekani.

WENYE NCHI NA WENYE NYIMBO

Wapo watu wanaodai kwamba sanaa na siasa ni mafuta na maji, na kwamba kiongozi ashike yake na msanii ashike yake. Historia ya visiwa hivi haikubaliani nao. Masimulizi ya wazee wetu yanaeleza kwamba taarab iliingia Unguja kwa mlango wa kasri: Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, ili arudi aburudishe baraza ya mfalme. Kwa hiyo mtunzaji wa mwanzo wa muziki huu alikuwa mwenye nchi, lugha yake ilikuwa Kiarabu, na wasikilizaji wake walikuwa ni wale waliokaribishwa tu.

Mwaka 1905 watu wa mji waliunda klabu yao wenyewe, Nadi Ikhwan Safaa, ambayo umri wake hivi leo umepindukia karne moja. Hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa mara ya kwanza muziki ulikuwa na nyumba isiyokuwa kasri. Ulikuwa na wanachama, ulikuwa na michango, na ulikuwa na kanuni za kuendesha mambo. Hiyo ndiyo maana ya taasisi ya utamaduni: ni mahali ambapo sanaa inaweza kuishi hata baada ya kuondoka yule aliyeipenda.

Kisha akaja Siti binti Saad. Huyu alikuwa mtoto wa watu wanyonge kutoka Fumba, muuza vyungu, ambaye alikuja mjini na sauti yake tu. Akaitoa taarab katika Kiarabu cha kasri akaitia katika Kiswahili cha uani na cha sokoni. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kutia nyimbo zao katika santuri, naye anatajwa kuwa mwanamke wa mwanzo wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilihifadhiwa kwa njia hiyo. Alipofariki mwaka 1950 jina lake lilikuwa limeenea pwani nzima, na Shaaban Robert aliona inafaa kumwandikia wasifu wake.

Tunawaomba viongozi wetu wautazame kwa makini wimbo wake uitwao Kijiti. Wimbo huo ulihusu mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, na namna mahakama ya siku zile ilivyowabana mashahidi ilhali muuaji mwenyewe alikuwa amekwisha kutoroka. Hakuna gazeti la mnyonge lililokuwepo wakati ule. Hakukuwa na diwani wala mbunge wa mtaa wa Ng'ambo. Aliyekuwepo ni mwimbaji. Mahakimu wale majina yao leo hayajulikani ila na wenye kufukua majalada, lakini wimbo bado unaimbwa. Hapo ndipo tunapoona kwamba sanaa, hata pale isipotaka kuwa siasa, huwa ni sikio na ulimi wa watu ambao hawana baraza ya kusemea.

TULICHOKIPATA NA TULICHOKIPOTEZA

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, yaliwarudishia wanyonge ardhi na heshima yao, na katika utamaduni pia yalifungua milango ambayo zamani ilikuwa imefungwa. Huko Tanganyika, Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kutangaza, mwezi wa Disemba 1962, wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, kwa hoja kwamba utamaduni ndio roho ya taifa lolote. Kwetu Zanzibar, kikundi kilichoasisiwa mwaka 1958 na kuhusishwa na vijana wa Afro-Shirazi ndicho ambacho baadaye kilijulikana kama Culture Musical Club, na kikawa chini ya mrengo wa Serikali. Redio iliwarekodi waimbaji. Televisheni ya rangi ilianza hapa miaka ya mwanzo ya 1970, wakati nchi nyingi kubwa za bara letu hazikuwa nayo. Ngoma za shamba, ambazo wakoloni waliziita kelele, ziliingia uwanjani siku za sherehe za taifa. Sisi tuliozaliwa baada ya Mapinduzi tulikuta hayo yote yapo, tukadhani ndivyo dunia ilivyo.

Lakini ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Na kada asiyesema ukweli juu ya historia ya nchi yake hakisaidii Chama chake. Mkono uliolea ulikuwa ndio mkono uliokemea. Kulikuwa na miaka ambayo msanii alipima kila neno si kwa mizani ya vina, bali kwa mizani ya hofu. Wengine walinyamaza. Wengine waliondoka. Kijana mmoja aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1948 aliondoka baada ya Mapinduzi akaenda Uingereza, akaandika huko kwa Kiingereza, na mwaka 2021 dunia nzima ikalisikia jina lake: Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Ndipo ukazuka mjadala hapa nyumbani: je, ni wetu au si wetu? Tulikuwa tukigombania tunda la mti ambao hatukuumwagilia maji. Riwaya yake ya Paradise ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kitabu kinachoanza maisha yake mwaka 1994 kilihitaji miaka 28 kuvuka bahari kurudi katika lugha ya watu kinaowasimulia.

Wala hatuna haja ya kutazama mbali. Waandishi waliobaki katika Kiswahili, kama Shafi Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed, waliandika riwaya ambazo leo husomwa katika skuli na vyuo vya nchi jirani. Vuta N'kuvute ya Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, inasimulia mapambano ya vijana wa Unguja dhidi ya ukoloni. Mwaka 2021 ilionyeshwa kama filamu, iliyoongozwa na Amil Shivji, katika tamasha kubwa la Toronto huko Kanada. Naye Bi Kidude, aliyepiga ngoma na kuimba miongo mingi hata akawa kama nembo ya visiwa hivi, alitunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 huko Newcastle, Uingereza, miaka minane kabla ya kufariki kwake Aprili 2013. Mcheza kwao hutunzwa; lakini mara nyingi mcheza kwetu ametunzwa kwanza kwa watu, nasi tukaja baadaye kupiga naye picha.

UBETI TULIOUFUTA

Hapa tunalazimika kutoa ushahidi juu ya nafsi yetu, maana si haki kuwanyooshea kidole wengine ilhali vidole vingine vinatuelekea sisi wenyewe.

Katika mwaka mmoja wa uchaguzi tulipewa dhamana ya kuandaa burudani katika mkutano wa hadhara, katika kijiji kimoja cha wavuvi. Tuliita klabu ya taarab ya huko huko. Walituletea wimbo mpya, nasi, kama ilivyokuwa desturi, tukauomba kwa maandishi ili tuupitie. Ulikuwa wimbo mzuri wa kuwasifu wavuvi. Ubeti wake wa nne ulizungumzia gati lililoahidiwa na ambalo halijajengwa, na kinamama wanaoingia majini hadi kifuani kupokea samaki. Hakukuwa na tusi. Hakukuwa na jina la mtu. Tukachukua kalamu tukaufuta, kwa hoja kwamba siku ile haikuwa siku ya malalamiko.

Klabu ikatii. Wimbo ukaimbwa, na ulipofika mahali pa ubeti wa nne, wapigaji wakapita moja kwa moja kwenda ubeti wa tano. Lakini wimbo ule ulikuwa umefanyiwa mazoezi kijijini mwezi mzima, na kila mtu alikuwa akiujua. Kinamama waliokaa mbele wakautia wenyewe ule ubeti uliokosekana, wote kwa pamoja, kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Mgeni rasmi akatugeukia akatuuliza wanaimba nini. Hatukuwa na jibu.

Mwaka uliofuata habari ya gati ilitufikia rasmi, kwa barua yenye mihuri, ikiwa imekwisha kugeuka ugomvi. Tungekuwa na akili tungeipata mapema, bila ya gharama, kwa sauti nzuri, tena kwa vina. Serikali hutumia fedha nyingi kuwauliza wananchi wanataka nini. Washairi wao wanatuambia kila siku, nasi tunashika kalamu tukafuta.

Katika mwezi uliopita tulikwenda tena katika kijiji kile, safari hii bila ya mkutano. Tulimkuta kiongozi wa klabu, ambaye sasa ni mzee sana, ameketi katika chumba cha mazoezi. Paa limetobolewa na mvua za masika. Kanuni yake imefunikwa kwa khanga. Tukamwamkia, akatuitikia kwa upole, akatukaribisha kwenye mkeka.

"Mzee, mazoezi yanaendeleaje?" tukamuuliza.

"Mazoezi, mwanangu? Nyuzi za kanuni zimenikatikia kumi na moja, na hapa hazipatikani. Mwanafunzi ninaye mmoja, naye anataka kwenda kutafuta kazi ya hoteli."

Tukamuuliza kama viongozi hufika kumtazama.

"Mnatwita," akasema. "Akija mgeni mkubwa, mnatwita. Tunavaa kanzu na makoti, tunapakiwa garini, tunapiga nyimbo tatu, mgeni anapiga makofi. Halafu gari imeshaondoka, na sisi twarudi kwa miguu. Wewe mwenyewe nauli ya mwaka ule hukutupa."

Alisema bila ya hasira, kama mtu anayekumbusha deni la kibaba cha mchele. Nasi tulikuwa tumesahau. Tumekwisha kuilipa nauli ile. Lakini mtu akilipa deni baada ya miaka hiyo yote hana la kujisifia, na hatuandiki haya kwa kutaka sifa. Tunaandika kwa sababu tunaamini kwamba hatuko peke yetu. Wenzetu wengi serikalini na katika Chama, wakikaa wakakumbuka, wataona nao wana klabu iliyorudi kwa miguu.

MFADHILI, MTALII NA SENSA

Tangu siasa ya vyama vingi ilipoanza mwaka 1992, mahitaji ya siasa kwa sanaa yameongezeka, hayakupungua. Chama chetu chenyewe, katika miaka ya mwanzo ya 1990, kilikuwa na kikundi cha TOT chini ya Kapteni John Komba, na miongoni mwa sauti zilizokipa nguvu ni ile ya Khadija Kopa, ambaye malezi yake ya usanii aliyapata hapa Unguja katika Culture Musical Club. Hakuna anayeweza kukanusha kwamba nyimbo zilitusaidia. Swali ni kama sisi nasi tulizisaidia. Klabu zilizotoa waimbaji hao zilirejeshewa nini, ili ziweze kuwalea wengine?

Pengo lililoachwa na Serikali limezibwa na wengine. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi lilianza mwaka 1998. Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, ndani ya Ngome Kongwe. Na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianza mwaka 2002, pale Forodhani, kikawafundisha vijana wetu kanuni, udi, fidla na ngoma. Hayo yote ni mambo ya kushukuru. Lakini tazameni udhaifu wake. Mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa ukosefu wa fedha. Mwaka 2019 chuo cha muziki kilitangaza hadharani kwamba kimo katika hatari ya kufunga milango, kwa sababu misaada ya wafadhili wa nje imepungua. Mfadhili ana nchi yake, ana bajeti yake, na siku akiamua kuelekea kwingine hatuna haki ya kumlaumu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wazee wetu walisema hivyo bila ya kuona haya, nasi tunayarudia.

Mtalii naye ni mtunzaji wa namna yake. Tangu Mji Mkongwe uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, wageni wameongezeka, na kila hoteli inataka kikundi cha ngoma baada ya chakula cha usiku. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuna ugomvi na methali hiyo. Lakini mgeni huyo ana dakika ishirini, haelewi maneno, na kesho anaondoka. Kwa hiyo mashairi marefu yanakatwa, mafumbo yanaachwa, na kinachobaki ni mshindo wa ngoma na rangi ya nguo. Msanii aliyezoea kupigiwa makofi na mtu asiyemwelewa, hatimaye huacha kusema jambo lenye maana.

Ama kuhusu udhibiti, tunajua kwamba suala hili ni zito. Sisi tumelelewa chuoni kabla ya skuli, na tunaona haya kama wazee wenzetu tunaposikia baadhi ya maneno yanayoimbwa siku hizi mbele ya watoto. Adabu ni sehemu ya utamaduni, na taifa lina haki ya kuilinda. Lakini lipo jambo la kufikiriwa katika utaratibu wetu: Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni limekabidhiwa kazi mbili kwa pamoja, ya kulea sanaa na ya kuidhibiti. Mtu mmoja kuwa mkunga na askari si jambo lisilowezekana, lakini linahitaji uangalifu mkubwa, maana msanii anapobisha hodi hajui ni yupi atakayemfungulia.

Na hapa tunakumbuka mwalimu wetu wa chuoni. Tulipokuwa tukisoma juzuu mbele yake, mtu akikosea herufi, mwalimu hakumziba mdomo. Alimsikiliza, akamwambia "rejea", naye akarejea, mara mbili, mara tatu, mpaka ulimi ukanyooka. Aliamini kwamba sauti ya mwanafunzi hurekebishwa kwa kusomeshwa. Lau angetunyamazisha, tungekuwa wajinga wanyamavu. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa baina ya dola na msanii. Matusi yakatazwe, na sababu zielezwe. Lakini ukosoaji si matusi, na ubeti wa gati haukuwa tusi.

NINI KIFANYWE

Wapo watakaotuuliza: je, nyimbo kwanza au dawa hospitalini kwanza? Ni swali la haki, na jibu letu ni kwamba hatuombi sehemu ya dawa. Tunaomba utaratibu, na mambo mengi ya utaratibu hayana gharama kubwa.

Kwanza, kanda na santuri. Hazina ya sauti zilizorekodiwa katika visiwa hivi tangu kuanza kwa Sauti ya Unguja, mwaka 1951, ihesabiwe, inakiliwe kwa mitambo ya kisasa, na nakala ziwekwe katika mahali zaidi ya pamoja. Nyaraka zetu za Kilimani zimeonyesha kwamba jambo hilo lawezekana: mkusanyiko wao wa maandishi na vitabu vya Kiarabu uliingizwa mwaka 2003 katika Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Kama tuliweza kuzitunza karatasi za wanazuoni, tunaweza kuzitunza sauti za waimbaji.

Pili, malipo. Ofisi yoyote ya Serikali au ya Chama inayoita kikundi cha sanaa iandike mapatano, ilipe nauli ya kwenda na ya kurudi, na ilipe ujira siku ile ile. Makofi si mshahara. Jambo hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji haya tu.

Tatu, mafunzo. Mafundi wazee wa kanuni, wa udi, wa nai, na wa ngoma za shamba, Unguja na Pemba, wapewe posho ndogo ya kila mwezi kwa sharti la kuwafundisha vijana, katika skuli na katika klabu. Anapokufa fundi mwenye wanafunzi watano, kazi yake inaendelea. Anapokufa asiye na mwanafunzi, tumezika maktaba.

Nne, majumba. Kila jumba la kihistoria linalomilikiwa na umma, pamoja na vyumba vya mazoezi vya klabu za zamani, liwe na daftari la matengenezo la kila mwaka, ili nyufa ziandikwe zingali nyufa. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, ina wataalamu wanaoijua chokaa na boriti. Waongezewe uwezo, na wasikilizwe wanapoonya.

Tano, udhibiti. Msanii ambaye kazi yake imekatazwa apewe sababu kwa maandishi, na awe na mahali pa kukata rufaa mbele ya watu wasiokuwa wale wale waliomkatalia. Anayekataza awe tayari kuweka jina lake chini ya katazo lake. Sisi tulifuta ubeti kwa kalamu isiyo na jina. Na hiyo ndiyo sababu tulifuta kwa urahisi.

Kuna hofu moja ambayo tumeisikia miongoni mwa wenzetu, nayo ni kwamba sanaa ikiachiwa itageuka kuwa adui. Hatuoni hivyo. Mshairi wa kwetu, Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, aliandika kwa mafumbo ya bahari, upepo na samaki, na kila msomaji akapata humo la kwake. Mwenye kutafuta siasa aliiona, na mwenye kutafuta mavuvi akayaona. Huo ndio ustaarabu wa Waswahili: jambo zito husemwa kwa njia ambayo mwenye akili atalichukua, na mwenye kiburi hataona pa kushika. Dola inayojiamini haina haja ya kuogopa fumbo. Inalisikiliza, inalifumbua, kisha inakwenda kujenga gati.

Tulipoagana na mzee wetu wa kanuni jua lilikuwa linakuchwa. Tulimuuliza anataka tumwombee nini huko mjini. Tulitaraji atasema fedha. Alifunua khanga, akagusa nyuzi zilizobaki, akasema: "Waambie waje siku ambayo hakuna mgeni."

Basi hayo ndiyo maneno tuliyotumwa, nasi tumeyafikisha.